Shukrani Zilizokula Basi Letu

Nimestaafu nikiwa na miaka thelathini na mbili. Wenzangu wa kanisani wanacheka nikisema hivyo, eti kustaafu ni kwa wazee wenye mvi na bustani ya nyanya. Waache wacheke. Nimeweka funguo mezani, nimerudisha kompyuta na ile simu ya ofisi yenye kioo kilichopasuka, na sirudi. Kama huko si kustaafu, basi ninyi mliosoma zaidi yangu mniambie ni nini.

Nasikia meza yangu umepewa wewe, mdogo wangu, na umenipigia mara mbili kuuliza kazi ikoje. Mara zote mbili nilikuwa namwogesha mtoto. Sasa nakuandikia. Mshahara sikwambii, utauona mwenyewe utanyamaza. Nakuandikia yale ambayo mimi hakuna aliyeniandikia, na hasira ya kutoandikiwa bado ninayo, kwa hiyo nivumilie nikifoka katikati.

Nilianza kazi mwaka ule wa moshi, pale moto wa porini ulipoifanya Sydney nzima inuke kama jiko la kuni, na korona ilikuwa bado habari ya nchi za watu. Nilikwenda na cheti changu cha kidato cha nne kutoka Kigoma, nimekiweka kwenye bahasha ya plastiki kisipate jasho. Hakuna aliyekiomba. Walitaka mtu anayejua Kiswahili, kwa sababu Wakongo wa Blacktown na Seven Hills walikuwa wanakuja ofisini, wanakaa, wanatabasamu, halafu wanaondoka bila kusema walichojia. Bwana Craig, meneja wa ofisi, aliniambia hivyo kama mtu anayeeleza ugonjwa.

Jambo la kwanza ujue: hiyo ni ofisi ya mbunge wa bunge la jimbo, si la taifa. Watu wetu watakuletea viza. Viza si hapo. Hapo ni mabasi, treni, shule, hospitali, polisi, na nyumba za serikali. Ukimwambia mama wa watu "hiyo si sisi" atadhani unamfukuza, kwa hiyo msindikize mpaka mlangoni na umwandikie kwenye karatasi ofisi ya kwenda. Karatasi inatibu mengi.

Aliyenifundisha kazi ni Despina. Mama wa Kigiriki, nywele nyekundu za dukani, amekaa kiti kile kile miaka ishirini na kitu, wabunge wakija wakiondoka kama mafundi wa bomba. Alimwita kila mtu mpenzi, hata aliyekuja kumtukana. Siku yangu ya tatu alinibwagia mezani vitabu vya bajeti ya mwaka uliopita, akanipa rula ya mbao na kalamu ya njano.

"Soma," akasema.

Nikaanza ukurasa wa kwanza. Akafunga kitabu, kidole changu kikiwa ndani.

"Siyo hapo, mpenzi. Hapo mbele ni hotuba. Vipaumbele vya serikali, familia kwanza, mustakabali mwema. Hotuba ni harusi. Ndoa iko kwenye kitabu cha miradi. Fungua, tafuta jina la mtaa wako, weka rula chini ya mstari, usome kulia mpaka mwisho. Kama mtaa wako haupo, haupo. Usiutafute kwenye harusi."

Hiyo ndiyo shule yote ya bajeti niliyosoma, na inatosha. Bajeti inasomwa bungeni mara moja kwa mwaka, kwa kawaida mwezi wa sita. Siku hiyo usiombe ruhusa hata mtoto akiwa na homa. Simu zinaanza kabla waziri hajameza mate.

Kuhusu sheria alinifundisha hivi. Muswada unasomwa mara tatu. Mara ya kwanza hausomwi, kinatajwa kichwa tu. Mara ya pili wanagombana. Mara ya tatu wamechoka. Ukishapita, wewe usikimbilie kutangaza kwa watu. Nenda mwanzoni kabisa, palipoandikwa inaanza lini. Ziko sheria zilizopita ambazo hazijaanza, zimekaa kama nguo ya sikukuu kabatini. Nilimtangazia mzee mmoja sheria ya namna hiyo ya wapangaji, akaenda kugombana na mwenye nyumba kwa silaha ambayo haijatoka kiwandani. Alirudi kunitafuta. Despina akamkalisha, akampa chai, akamwita mpenzi.

Halafu korona ikaingia, na yote niliyofundishwa yakageuka mchezo wa kitoto.

Maana sheria za korona hazikupita huko kwenye kusomwa mara tatu. Waziri alikuwa anatia sahihi amri, basi, amri imekuwa sheria. Kila siku saa tano asubuhi wanasimama kwenye televisheni wanasema. Lakini maneno yaliyoandikwa, yale ambayo polisi anakushikia, yalitoka jioni, na mara nyingine hayakufanana na ya saa tano. Mimi nilikuwa nafanya kazi jikoni kwangu, Pendo ana miaka miwili ananing'inia mguuni, mume wangu yuko hospitali anasukuma vitanda. Nasikiliza saa tano, narekodi sauti kwa Kiswahili, natuma kwenye kundi la simu la akina mama. Saa tisa naifuta. Jioni natuma nyingine. Kuna siku nilituma sauti nne, na ya nne ilikuwa inasema rudini kwenye ya kwanza.

Mama mmoja akaandika kwenye kundi, "Mama Pendo, leo tuko wapi?" Ikawa ndiyo salamu yao. Hawakuuliza habari za asubuhi tena. Leo tuko wapi. Mimi mwenyewe nilikuwa sijui tuko wapi. Naangalia karatasi, naangalia televisheni, naangalia mtaani, vitu vitatu tofauti. Nilikuwa na hasira mpaka nikawa napika kwa kugonga masufuria.

Hata bajeti ya mwaka ule ilisogezwa mpaka mwezi wa kumi na moja. Despina alisema hajawahi kuona. Krismasi ilipofika akastaafu, wa kustaafu kweli, mwenye bustani. Rula akaniachia.

Sasa tufike kwenye jambo lenyewe.

Mwanzoni mwa mwaka uliofuata, korona ilikuwa imetulia kidogo, watu waliruhusiwa kukutana viti vikiwa vimeachana. Ofisi ikataka kila jamii iseme inataka nini kwenye bajeti ya mwezi wa sita. Nikawaita akina mama kwenye ukumbi wa kanisa lao Blacktown. Walikuja kama ishirini, wamevaa vitenge na barakoa za kitenge hicho hicho. Shida yao niliijua kabla hawajakaa. Wengi wanafanya kazi kwenye maghala ya Seven Hills, kule kwenye viwanda, zamu inaanza saa kumi na mbili asubuhi. Basi la kwanza kutoka stesheni lilikuwa linafika saa kumi na mbili na nusu. Ukitembea kwa miguu ni dakika arobaini, barabara haina njia ya miguu sehemu nyingine, na malori yanapita. Walikuwa wanajazana kwenye gari la jirani mmoja, la viti saba. Walichotaka ni basi moja, mapema. Basi tu.

Wakamchagua Mama Riziki aseme. Umjue Mama Riziki. Mjane, anatoka Uvira, amekaa kambini miaka tisa, anafungasha mboga ghalani, ana watoto watatu na sauti ya mtu asiyewahi kukatizwa. Akasimama, akavua barakoa, akaikunja vizuri.

"Kwanza tunashukuru Mungu," akasema. "Ya pili tunashukuru serikali ya Australia yenye ilitutosha kule kambini. Tunashukuru Mheshimiwa, bibi yake na watoto yake. Tunashukuru polisi, hapa hawapige mutu bure. Tunashukuru hopitali, bananipima bila kuuliza uko na franga ngapi. Tunashukuru treni, inakuja na saa yake. Tunashukuru barabara, haina mashimo..."

Aliendelea hivyo dakika kumi. Hakuacha mtu. Alishukuru mpaka wanaokusanya takataka. Akina mama wanaitikia, "Eeh." Kwao, na kwetu Kigoma pia tusidanganyane, huendi kwa mkubwa ukaanza na nataka. Unashukuru kwanza, na ukubwa wa shukrani unaonyesha ukubwa wa ombi. Anayejua anasikia shukrani zikirefuka anaanza kutetemeka, anajua kinachokuja ni kizito. Mwisho kabisa Mama Riziki akasema, "Sasa tuko na kaneno kamoja, kadogo sana," na hapo ndipo akaeleza basi. Alieleza vizuri mpaka mama mmoja akalia.

Mimi niliandika yote. Niliona fahari. Nikatafsiri neno kwa neno, kwa mpangilio wake, maana nilijiambia hawa wameonewa vya kutosha, angalau maneno yao yasiguswe. Nikaenda kwenye fomu ya kompyuta, kuna kisanduku kinauliza jamii inasema nini. Nikabandika kurasa tatu. Ikaja alama ya kijani. Nikamrudishia Craig kikombe chake cha kahawa nikaenda kumchukua mwanangu.

Mwezi wa sita bajeti ikasomwa. Nikafungua kitabu cha miradi. Rula, kalamu ya njano. Mstari wa basi haukuwepo. Nikatafuta tena kwenye kompyuta, jina la mtaa, herufi kubwa, herufi ndogo. Haupo. Baadaye Craig akaniletea muhtasari wa maoni ya jamii zote. Yetu ilikuwa mistari miwili. Wazungumzaji wa Kiswahili wanashukuru kwa huduma zilizopo. Wameridhika na usafiri.

Wameridhika na usafiri!

Nikafungua ile fomu niliyotuma. Kisanduku kilikuwa kimebeba maneno mpaka pale pa treni inakuja na saa yake, kikakata. Zilizobaki kurasa mbili na zaidi hazikuwepo. Shukrani za mwanzo zimeingia, kaneno kadogo kamebaki nje mlangoni.

"Craig, hiki nini?"

"Kisanduku kina kikomo," akasema. "Imeandikwa pale chini."

Nikaangalia. Kweli imeandikwa, kwa kijivu juu ya kijivu, herufi za sisimizi.

"Na huyu aliyefupisha hakujiuliza? Watu ishirini waache kazi zao waje ukumbini kusema wameridhika?"

"Watu hufurahi kushukuru," Craig akasema. Si mtu mbaya. Ndicho kinachonichanganya mpaka leo. Ningempata mtu mbaya ningemaliza hasira yangu kwake nikalala.

Sasa sikiliza nilichofanya, na wewe usikifanye. Akina mama wakauliza kwenye kundi, basi letu? Nikarekodi sauti. Nikasema serikali mwaka huu haikuwa na pesa. Nilisema hivyo, kwa mdomo huu. Wakajibu, sawa, Mama Pendo, asante kwa kutusemea.

Wiki hazikupita nyingi, mji ukafungwa tena, na safari hii upande wetu wa magharibi ulibanwa kuliko kwingine. Amri zikaanza kumwagika. Mojawapo ikasema gari moja, nyumba moja. Huruhusiwi kupanda gari na mtu usiyekaa naye nyumba moja.

Mama Riziki akanipigia.

"Mama Pendo, hii sheria ya gari. Jirani si mutu wa inje. Tulikaa naye kambi moja miaka tisa, tulikula sahani moja. Hiyo haiko nyumba moja?"

"Kambi si nyumba, mama."

"Nani alisema?"

"Amri. Inasema mahali unapokaa sasa."

"Sasa niko nakaa Blacktown na zamu yangu iko Seven Hills saa kumi na mbili, na basi haiko. Banisaidie wapi?"

Niliisoma ile amri mstari kwa mstari kutafuta mlango wa nyuma. Mstari mmoja unaruhusu, unaofuata unakataa, wa tatu unakurudisha kifungu kingine ambacho juzi kilifutwa. Nilipiga simu namba ya serikali ya maswali, nikasubiri muda wa kuchemsha maharage, kijana akaniambia inategemea. Inategemea nini? Akasema inategemea hali. Nikamwambia hali ndiyo hii ninayokusimulia! Akaniambia nitembelee tovuti.

Mama Riziki akaanza kutembea. Treni mpaka Seven Hills, halafu dakika arobaini kwa miguu, Julai, baridi, giza la alfajiri. Treni nayo ikipunguza safari, anachelewa. Alichelewa mara mbili. Hakuajiriwa na ghala, aliajiriwa na wakala, na wakala akamwambia ya tatu usije. Kwa hiyo jua kilichokuwa mezani kwangu kila asubuhi nikifungua kompyuta: kazi ya mama yule, na mimi peke yangu ndiye niliyejua basi lake lilifia wapi. Nilimwandikia barua ya kumwomba wakala amvumilie, yenye nembo ya ofisi. Wakala hakujibu. Nembo si nauli.

Mwezi wa tisa ikaja nafasi. Kamati ya wabunge ilitaka kusikia watu wa magharibi kuhusu usafiri, kwa njia ya mtandao. Mheshimiwa wetu alitupatia nafasi. Craig akaniambia, "Dakika tatu. Pamoja na tafsiri." Nikamwambia Craig, mama huyu dakika tatu bado hajamaliza kumshukuru Mungu. Akacheka. Mimi sikucheka.

Nikampigia Mama Riziki siku moja kabla.

"Mama, kesho anza na basi. Tafadhali. Shukrani weka mwisho."

"Eh! Mama Pendo! Niingie nyumba ya batu nianze kuomba chumvi kabla ya hodi?"

"Dakika ni tatu, mama."

"Nitafanya mbio."

Kesho yake nimekaa jikoni, kompyuta juu ya kopo la unga ili kamera isionyeshe vyombo, Pendo chini ya meza na biskuti. Wabunge wako kwenye vidirisha vyao, mmoja anakunywa maji, mmoja amesahau kuzima sauti anamkaripia mbwa. Mama Riziki akatokea, kilemba cha kijani, amesimama. Wote wamekaa, yeye amesimama.

"Kwanza tunashukuru Mungu," akaanza, na kweli alifanya mbio, lakini mbio zake ni za mtu aliyebeba ndoo. Mungu, serikali, Mheshimiwa, bibi yake. Naangalia saa. Dakika moja imekwisha. Wanaopima korona, walimu, madereva. Akapumua, akaniangalia nitafsiri.

Nikawasha sauti nikasema kwa Kiingereza, moja kwa moja, "Tunahitaji basi linalofika kwenye viwanda vya Seven Hills kabla ya saa kumi na mbili asubuhi. Wanawake wanatembea gizani kati ya malori. Wanapoteza kazi."

Vichwa vikainuka kwenye vidirisha. Yule wa mbwa akaandika. Mwenyekiti akauliza ni wanawake wangapi, nikasema, akauliza eneo lile la viwanda liko upande gani, nikaeleza. Mama Riziki amesimama tu na kilemba chake, anasubiri afike kwenye kaneno kadogo, hajui kwamba nimeshakasema. Muda ukaisha. Mwenyekiti akamshukuru.

"Mbona umesema kafupi?" Mama Riziki akauliza mbele ya wote. Kidirisha chake kikazimwa.

Craig aliniandikia ujumbe papo hapo. Fupi, safi, hivi ndivyo tunavyotaka. Nakwambia nilisoma sifa ile nikafunga kompyuta kwa kishindo. Nilipoandika maneno ya mtu kwa uaminifu nilimkosesha basi. Nilipomfuta nikapewa sifa. Sasa kazi ni ipi? Niambie wewe.

Alasiri simu ikalia. Mama Riziki. Binti yake mkubwa, anayesikia Kiswahili na kujibu kwa Kiingereza, alikuwa pembeni yake akamweleza nilichosema.

"Mama Pendo, umenivua nguo mbele ya bakubwa."

"Mama, muda..."

"Niache niseme. Banasema nini sasa? Yule mama wa Uvira hana adabu, ameingia na kuomba. Hata hodi hajapiga."

"Hawasemi hivyo. Wao hawajali adabu, wanajali neno."

"Miye najali."

Hapo hasira zangu za mwaka mzima zikafunguka, na zikamwagikia mtu asiyestahili. Nikamwambia, "Mama, shukrani zako ndizo zilizokula basi! Mwezi wa pili niliziandika zote, zikajaza kisanduku, basi likabaki nje. Serikali haikukosa pesa. Haikusikia kabisa kama mnataka basi. Waliandika mmeridhika!"

Nilimsikia anakaa kwenye kiti.

"Weye ulijua tangu siku gani?"

"Mwezi wa sita."

"Na ukasema na sisi hakuna franga."

"Ndiyo."

"Banne bamefukuzwa kazi, Mama Pendo. Na miye. Jumanne."

Jumanne. Tulikuwa Alhamisi. Alikuwa ameshafukuzwa, na bado alivaa kilemba akasimama kuomba basi ambalo yeye halipandi tena. Nikauliza, sasa mama ulikuwa unaomba kwa ajili ya nani? Swali la kijinga, lilinitoka.

"Kwani bale bengine si batu?" akasema. Halafu, "Utaandika maneno yangu yote. Yote. Utatuma. Kwa mpango wangu. Kama kale kasanduku ni kadogo, utafute kakubwa."

Nikaandika. Nilikaa siku mbili, Pendo anachora kwenye kuta. Kurasa nne, Mungu wa kwanza, basi la mwisho, na safari hii sikutumia kisanduku. Nilifunga kwenye bahasha ya kamati, nikaituma kwa posta yenye sahihi ya kupokelewa. Na kwenye kundi nikarekodi sauti nikasema ukweli wa mwezi wa sita. Kwa wiki tatu hakuna aliyeuliza leo tuko wapi. Hujui uzito wa salamu mpaka ufutiwe.

Mwaka mpya ulipoingia, mji umeshafunguliwa, ikatangazwa basi la majaribio. Jumatatu mpaka Ijumaa, linafika viwandani saa kumi na mbili kasoro dakika ishirini. Je, ni lile neno langu fupi lililolileta, au ni zile kurasa nne? Nilimuuliza Craig, hajui. Nilipiga simu kamatini, dada mmoja akasema vyote vilipokelewa. Nilimpigia hata Despina, akasema, mpenzi, pengine ni kampuni ya ghala ililalamika inakosa wafanyakazi. Hilo nalo linawezekana. Miaka miwili kwenye kazi hii na jambo moja zuri likatokea, na sijui ni mkono wa nani. Ukija kujua, nipigie hata kama namwogesha mtoto.

Akina mama wakataka kumshukuru Mheshimiwa. Bila shaka. Wakapika ukumbini, sombe, yaani kisamvu chao, samaki, wali, soda za rangi zote. Mama Riziki mwenyewe ndiye aliyenipigia, mara ya kwanza tangu ile Alhamisi. Hakusema amenisamehe. Alisema, "Utakuja kutafsiri. Yote." Nikaenda.

Alisimama akashukuru. Nikatafsiri kila neno, kila mtu, mpaka dereva wa basi jipya, jina lake walishalijua. Dakika ishirini na tano. Mheshimiwa alitabasamu mpaka tabasamu likakauka, akaangalia saa kwa chini ya meza, Craig akaniwekea kidole hewani cha kuzungusha, yaani fupisha. Sikufupisha. Nilikuwa naona shukrani zinavyorefuka, na nilijua kinachokuja. Mama Riziki alikuwa amepata kazi ghala jingine kule kule. Jumamosi na Jumapili tu. Na basi haliendi Jumamosi wala Jumapili.

Akafika mahali pa kupumua. Mheshimiwa akadhani amemaliza. Akapiga makofi, akasimama, akafunga kifungo cha koti, Craig ameshashika mlango, watu wa picha wamejipanga.

Mimi nilikuwa karibu na mlango kuliko yeye. Nikasimama katikati. Mimi wa kidato cha nne, mwajiriwa wake, mtoto wangu ananivuta sketi. Nikamwambia kwa Kiingereza kilichosikika mpaka jikoni:

"Kaa chini. Hajamaliza."

Craig akaniita kwa jina. Sikumgeukia. Nilijua papo hapo kwamba funguo zitakuwa mezani kesho, na kweli nilizipeleka mwenyewe kabla hawajaziomba. Mheshimiwa aliniangalia, akawaangalia akina mama ishirini waliokaa na sahani mapajani, hakuna aliyemwelekeza ashike lipi.

Akakaa.

Mama Riziki akamsubiri avute kiti vizuri. Akanywa maji. Na kwa kuwa alikuwa amekatizwa, akaanza upya, kwa Mungu.